SOMO LA VIJANA NA WAZAZI: MAJINA YA MAPENZI WAKATI WA UCHUMBA

Somo la mara hii ni la vijana, lakini tunawaomba wazazi na walezi wasiliruke, maana na wao wana sehemu yao humu. Mkiweza, someni pamoja jioni, na Biblia iwe karibu.

Somo hili limetokana na swali. Binti mmoja alitungojea baada ya ibada ya Jumapili mpaka watu wakaondoka na mabenchi yakapangwa. Kisha akasema, "Mchungaji, mtu akikuita mke wangu kwa miaka miwili, wewe si mke wake?"

Tulimwuliza kama yule kijana aliwahi kufika nyumbani kwao. Hapana. Nyanya yake, ambaye ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipokufa vitani, alijua? Hapana. Walikuwa wakizungumza kwa simu na kukutana njiani wakati wa kuteka maji. Kijana alikuwa akimwita "mke wangu" kila siku, na kwa ajili ya jina hilo binti alikubali mambo mengi. Aliacha masomo ya ushonaji kwa sababu kijana alisema mke wake hawezi kukaa darasani na wanaume wengine. Alikataa kijana mwingine aliyetuma wazee kwa heshima, kwa sababu alijiona tayari ameolewa. Sasa yule wa "mke wangu" amehamia Kampala kutafuta kazi, simu yake haipatikani, na habari zilizofika ni kwamba kuna binti mwingine anayeitwa kwa jina hilohilo.

Swali lake lilituhukumu sisi watumishi. Tumewafundisha vijana mara nyingi juu ya uzinzi, lakini hatujawahi kuwafundisha juu ya maneno, na kwa kawaida maneno hutangulia mambo mengine yote. Kwa hiyo leo tujifunze pamoja: je, Mkristo aliye katika uchumba anaweza kumwita mwenzake kwa jina tamu? Na kama anaweza, ni jina gani, na kwa wakati gani?

1. MAJINA MATAMU SI DHAMBI

Tuanze hapa, maana wapo wazee wanaofikiri kwamba kila neno la upendo kati ya kijana na binti ni uasherati. Biblia haifundishi hivyo. Ndani yake kipo kitabu kizima cha maneno ya mapenzi, yaani Wimbo Ulio Bora. Ukisoma sura ya 4 na ya 5 utaona bwana arusi anamwita mwenzake kwa majina mengi: mpenzi wangu, hua wangu, mkamilifu wangu, bibi arusi. Naye mwanamke anamwita mpendwa wangu, na katika 5:16 anaongeza kwamba mpendwa huyo ni rafiki yake pia.

Kuna jina moja katika kitabu hicho ambalo vijana wengi hawalielewi. Katika 4:9, 4:10 na 4:12, Biblia yetu ya Kiswahili ya zamani inasema "umbu langu, bibi arusi". Umbu ni neno la zamani la Kiswahili lenye maana ya dada kwa mwanaume, au kaka kwa mwanamke. Tafsiri nyingine zinasema "dada yangu". Wengine hushangaa: mtu atamwitaje bibi arusi wake dada? Lakini ndivyo watu wa nyakati zile walivyosema. Hata katika nyimbo za mapenzi za Misri ya kale, wapenzi waliitana kaka na dada. Maana yake ni kwamba mtu huyu ni wa karibu kama ndugu wa damu, na anastahili kulindwa kama ndugu wa damu. Jina la mapenzi lilikuwa na ulinzi ndani yake.

Tena kitabu hichohicho kinatoa onyo. Mara tatu, katika 2:7, 3:5 na 8:4, mabinti wa Yerusalemu wanaapishwa wasiyaamshe mapenzi kabla ya wakati wake. Kwa hiyo tunapata mambo mawili katika kitabu kimoja: maneno matamu ni zawadi ya Mungu, na zawadi hiyo ina wakati wake.

2. KWA NINI JINA TAMU LINA NGUVU SANA HAPA TULIPO

Kule kwetu kila mmoja alikuwa na majina mengi. Ulikuwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, wa ukoo fulani, wa kilima fulani. Ulipopita njiani wazee walikutaja pamoja na babu yako. Tulipovuka mpaka, mengi ya majina hayo yalibaki nyuma. Tukaandikishwa, tukapewa namba ya kaya kwenye kadi. Siku ya mgao mtu huitwa kwa namba, na hata anapoitwa kwa jina, mara nyingi halitamkwi vizuri. Na sote tumepewa jina moja la kushiriki, mkimbizi.

Kitabu cha Ruthu kinaanza na habari kama hiyo. Familia ya Elimeleki ilikimbia njaa kutoka Bethlehemu ikaenda nchi ya Moabu. Wakakaa huko kama miaka 10. Baba akafa, na wana wawili wakafa. Naomi aliporudi kwao, wanawake wa mji walipomtaja jina lake alilikataa. Naomi maana yake ni mwenye kupendeza. Yeye aliomba aitwe Mara, yaani uchungu (Ruthu 1:20). Mateso yalimfanya mama huyu aone kwamba jina lake la zamani halimfai tena.

Sasa fikiri juu ya binti ambaye baba yake hayupo, wala hana wa kumwita "mama" kama baba zetu wanavyowaita binti zao kwa upendo. Fikiri juu ya kijana aliyefika hapa peke yake akiwa na miaka 12. Halafu siku moja mtu anamwita malkia wangu, au moyo wangu, au mume wangu. Neno hilo linaingia mahali penye njaa. Ndiyo maana hatupendi kusikia watu wazima wakisema kwamba mabinti wa siku hizi ni wajinga au wepesi. Mtu mwenye njaa hali kwa sababu ya ujinga. Ni kazi yetu kuangalia ni nani anayempa chakula, na ni chakula gani.

3. BOAZI NA RUTHU: KILA JINA KWA WAKATI WAKE

Tuendelee na kitabu hicho, maana Ruthu alikuwa mgeni katika nchi ya watu, mjane, tena maskini. Alikwenda kuokota masazo ya mavuno, kama sheria ilivyowaruhusu maskini na wageni (Mambo ya Walawi 19:9-10). Angalieni jinsi anavyoitwa.

Kwanza, msimamizi wa wavunaji anamtaja kama mwanamke Mmoabi (2:6). Hakusema jina lake. Alitaja nchi alikotoka, na kwake hilo lilitosha. Wengi wetu tunalijua jambo hili.

Pili, Boazi anapozungumza naye kwa mara ya kwanza anamwita binti yangu (2:8). Boazi alikuwa mtu mzima kuliko yeye, na jina hilo lilikuwa la heshima na ulinzi. Halikuwa neno tupu. Katika mstari unaofuata tunaona amewaamuru vijana wake wasimguse, na amemruhusu kunywa maji yao. Ruthu mwenyewe anasema, katika 2:13, kwamba maneno ya Boazi yamemfariji.

Tatu, usiku ule kwenye uwanja wa kupuria, Ruthu alipomwendea, Boazi angeweza kufanya alilotaka. Ilikuwa usiku, na Ruthu alikuwa mgeni asiye na mwanaume wa kumtetea. Boazi alimwita tena binti yangu, kisha akamwambia kwamba mji wote unajua yeye ni mwanamke mwema (3:11). Maneno hayo kwa Kiebrania ni yaleyale yanayotumika katika Mithali 31:10 kwa mke mwema. Halafu alimwambia ukweli ambao haukuwa mtamu: kwamba yuko ndugu mwingine wa karibu zaidi mwenye haki ya kumkomboa, na lazima aulizwe kwanza (3:12). Kulipokaribia kucha alimpa vipimo sita vya shayiri ampelekee mkwe wake, asirudi mikono mitupu (3:15-17).

Nne, Boazi alikwenda langoni pa mji, akaketi na wazee 10, akalimaliza jambo mbele ya watu (4:1-11). Ni hapo tu, katika 4:10, ndipo anapomtaja Ruthu kuwa mke wake. Tafuteni katika sura zilizotangulia. Hamtaona mahali Boazi alipomwita Ruthu mke wangu, si shambani, wala usiku ule uwanjani. Jina hilo alilitunza mpaka siku aliyokuwa na mashahidi.

Vijana, hili ndilo somo letu kuu leo. Boazi alimpenda Ruthu na kumheshimu, na maneno yake yalikuwa matamu. Lakini kila jina alilitoa pale lilipokuwa kweli. Na Ruthu hakupungukiwa kwa kungoja.

4. AMNONI NA TAMARI: JINA ZURI LENYE MTEGO

Upo mfano mwingine, nao ni wa huzuni. Soma 2 Samweli 13. Amnoni mwana wa Daudi alimtamani Tamari, ndugu yake kwa baba. Alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari amwandalie mikate. Alipomshika ili alale naye, alimwita umbu langu, yaani dada yangu (13:11). Ni jina lilelile la Wimbo Ulio Bora. Tamari alimsihi, akamwonyesha hata njia iliyo wazi, kwamba aseme na mfalme (13:13). Amnoni hakusikia, akamtenda kwa nguvu.

Mara baada ya tendo lile chuki yake ikawa kubwa kuliko mapenzi aliyokuwa nayo. Alimwita mtumishi amtoe nje. Katika Kiebrania cha 13:17 hamwiti dada tena, wala Tamari, wala hata mwanamke. Anasema tu "huyu", atolewe nje, na mlango ufungwe.

Mabinti na vijana, tuwaambie wazi. Jina zuri peke yake halithibitishi upendo. Mtu anaweza kutumia jina lililo takatifu kabisa kwa nia ya kukudhuru. Kama mtu anakuita kwa upole lakini hasikii unaposema hapana, angalia hapana yako, usiangalie jina. Na kama mtu amekutenda kwa nguvu, hata kama mlikuwa wachumba na mliitana majina matamu, hilo ni kosa lake, wala halikuwa ruhusa yako. Njoo kwa mama wa kanisa unayemwamini, au nenda kituo cha afya upesi. Hatutakuuliza kwanza ulikuwa ukimwitaje.

Wala tusidhani kwamba ni wanaume tu. Delila alimlaumu Samsoni akimwuliza anawezaje kusema anampenda na huku moyo wake hauko naye (Waamuzi 16:15). Wakati huohuo wakuu wa Wafilisti walikuwa wamemwahidi, kila mmoja, vipande 1,100 vya fedha (16:5). Neno upendo lilikuwa kinywani mwake, lakini alikuwa akifikiri juu ya malipo. Hata leo wapo wanaowaita watu watatu kwa jina moja, huyu wa kutuma vocha, huyu wa kununua viatu, huyu wa kutegemea atakapopata safari ya nchi ya mbali.

5. MAMBO MANNE YA KUPIMA JINA

Vijana wa kwaya walituuliza: basi tuseme sheri, au bebi, au mukunzi, au tuache kabisa? Wengine husema motema kwa Kilingala. Hatutawapa orodha ya maneno yaliyoruhusiwa, maana tuko watu wa lugha nyingi. Neno moja linaweza kuwa jepesi kwa huyu na zito kwa yule. Hapa Uganda muuza nyanya sokoni anaweza kumwita mteja mukwano, maana yake rafiki, naye hana wazo lolote la mapenzi. Lakini neno hilohilo wapenzi nao hulitumia. Kule kwetu Kongo tunamwita hata mtoto mdogo mama au papa kwa upendo. Kwa hiyo kwanza hakikisheni kwamba mnaelewana. Kisha pimeni kwa mambo haya manne.

Kwanza: je, ni kweli? Bwana wetu alifundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo (Mathayo 5:37). Kama hamjafunga ndoa, "mke wangu" na "mume wangu" si kweli bado. Kama hamjajulishana kwa wazazi, hata neno mchumba si kweli bado, ninyi ni marafiki mnaofikiri. Hakuna aibu katika hilo. Paulo anamwambia Timotheo awatendee wanawake vijana kama dada, kwa usafi wote (1 Timotheo 5:2). Anzeni na kaka na dada. Mkifika urafiki, semeni rafiki yangu. Mkijulishana, semeni mchumba wangu. Mpenzi na mpendwa yana nafasi yake hapo, mkiwa mnajua mnakokwenda. Mke na mume yangojeni mpaka kuwe na mashahidi, kama Boazi.

Pili: je, linaweza kusikiwa na mzazi wako? Hatusemi kwamba kila neno la wachumba lisemwe hadharani. Watu wana siri zao njema. Lakini jina linalosifu mwili wa mtu kwa namna ya kuamsha tamaa, ambalo ungeona aibu kama mama yake angeshika simu ile, hilo ni la ndoa. Liweke.

Tatu: je, linafuatana na tendo? Yohana anatufundisha tupende kwa tendo na kweli, si kwa ulimi tu (1 Yohana 3:18). Boazi alisema binti yangu, akatoa ulinzi, maji na shayiri. Kijana anayemwita binti malkia wangu, lakini anamwacha abebe kuni peke yake na yeye anatembea mbele mikono mfukoni, bado hajalijua neno alilosema. Binti anayemwita kijana mfalme wangu, kisha anamcheka mbele ya wenzake kwa sababu ya viatu vyake, naye ni vilevile.

Nne: je, linamwacha mwenzako huru? Yapo majina yanayofanya kazi kama kamba. Kwa sababu wewe ni "wangu", nipe simu yako niikague. Kwa sababu wewe ni "mke wangu", acha shule. Hili ndilo lililompata binti tuliyemtaja mwanzoni. Jina la upendo halitoi amri. Tena, kama mwenzako hapendi jina fulani, acha kulitumia, hata kama kwako ni la mchezo. Kuna vijana wanaowaita wachumba wao kwa maumbile yao, mnene wangu, mweusi wangu, mfupi wangu. Wengine hufurahi, na wengine hulia usiku. Uliza.

Neno moja zaidi. Uchumba mwingine huvunjika, na hilo si mwisho wa dunia. Ukivunjika, yafute yale maneno kwenye simu. Usiwaonyeshe wenzako, wala usimwite mtu kwa kejeli kwa jina ulilompa kwa siri. Ulipewa maneno yale ukiwa umeaminiwa.

6. KWA WAZAZI, WALEZI NA WAZEE WA KANISA

Wazazi, waiteni watoto wenu kwa upendo nyumbani, tena wangali wadogo. Binti anayeitwa kwa heshima na baba yake, au na mjomba au kaka anayemlea, hatashangaa sana siku atakaposikia neno tamu kwa mtu wa njiani. Wapo watoto hapa ambao jina wanalosikia kila siku ni "wewe" au "mjinga". Mungu anaitwa baba wa yatima (Zaburi 68:5), na kanisa ni mahali pa kumsaidia katika kazi hiyo. Kila mzee wa kanisa na awajue yatima wa sehemu yake kwa majina yao.

Jambo lingine ni mahari. Tunajua vijana wengi wanasema "mke wangu" gizani kwa sababu wanaogopa kulisema mchana. Mchana wataulizwa ng'ombe. Wazazi wengine wanadai mahari kana kwamba tungali kwenye milima yetu na mifugo ikiwa mazizini, na kijana hapa analima kipande kidogo cha shamba. Matokeo yake ni yale ambayo wenzetu wa Kilingala huita yaka tofanda, maana yake njoo tukae, bila baraka na bila mashahidi. Hatusemi mahari iachwe, maana ni heshima ya familia mbili. Tunasema ipunguzwe, au itolewe kidogo kidogo, na mlango wa kijana mwenye nia njema usifungwe. Wazee wa kanisa wako tayari kukaa katikati ya familia mbili kuzungumza.

Lakini ukweli mwingine usemwe pia. Mtoto si mchumba. Hapa Uganda Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 31, inatoa haki ya kuoa na kuolewa kwa mtu mwenye miaka 18 na zaidi. Kule Kongo nako sheria ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto inakataza ndoa za watoto. Mtu mzima anayemwita msichana wa miaka 14 mchumba wangu, hata kama analeta sabuni na unga nyumbani, mzazi asikae kimya kwa sababu ya unga ule.

Na sisi wachungaji tunayo ya kuungama. Siku za nyuma tumewahi kuwaita vijana mbele ya baraza, na ujumbe wao wa simu ukasomwa kwa sauti watu wakisikia. Tulidhani tunatunza usafi wa kanisa. Baadhi ya vijana wale hawakurudi tena ibadani. Tunawaomba radhi. Kuanzia sasa mazungumzo hayo yatakuwa ya faragha, na binti atasikilizwa akiwa na mama mmoja wa kanisa karibu naye.

7. KWA WALIO KATIKA NDOA

Vijana wanajifunza kutoka kwetu. Wakisikia nyumbani kelele tu na kuitana "wewe", watafikiri maneno matamu ni ya kutafuta mtu, na ukishampata yanaisha. Katika nyumba nyingi za kwetu mume na mke hawatajani majina. Wanaitana Baba Fulani na Mama Fulani kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Vijana wasidhani kwamba huo ni ubaridi. Ni namna ya zamani ya kusema kwamba sisi wawili tumejenga kitu pamoja.

Ila tuwe wapole hapo. Yuko mama ambaye mtoto aliyempa jina hilo alibaki njiani wakati wa kukimbia. Wako wenzetu ambao hawajapata mtoto, na hawana jina la kuitwa. Elkana alimwona mke wake Hana akilia kwa sababu hiyo, na alimsemesha kwa jina lake mwenyewe, akimkumbusha upendo wake kwake (1 Samweli 1:8). Mume mwema anajua ni jina gani litamfariji mke wake leo. Asipojua, na amwulize.

8. MWISHO

Turudi kwa yule binti. Tulimjibu kwamba hapana, yeye si mke wa mtu yule. Hakuna wazee walioketi, hakuna ahadi iliyofanywa mbele za Mungu na watu, na hadaiwi kitu. Tulimwambia kwamba kudanganywa kwa neno si aibu yake. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza kama nafasi yake katika ushonaji ingalipo. Siku ya pili yake mama mmoja wa kanisa alikwenda naye kuuliza, na akapokelewa.

Wapendwa, watu wa Mungu nao waliwahi kuhamishwa, nchi yao ikaharibika, wakaitwa walioachwa. Mungu aliwapa majina mengine. Katika Isaya 62:4 anaahidi kwamba hawataitwa tena Aliyeachwa, bali Hefsiba, na maana ya jina hilo ni kwamba Mungu anamfurahia. Ni Mungu mwenyewe anayetoa jina la mapenzi, tena kwa watu waliopoteza kila kitu. Na asubuhi ya ufufuo, Mariamu alipokuwa akilia kaburini, Yesu hakusema maneno mengi. Alimwita kwa jina lake, naye akamtambua (Yohana 20:16).

Kijana, binti, kabla hujampokea anayekuita kwa jina lolote, ujue kwamba umekwisha kuitwa na huyu. Mtu atakayekuja kukupenda, na alitaje jina lako vizuri kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Someni Ruthu 2:8-13 na 4:9-11. Ni majina gani Ruthu aliitwa, na kila moja lilimfanyia nini?
2. Katika lugha yako ya nyumbani, wazee waliitanaje kwa upendo? Waelezeni wenzenu maana yake.
3. Je, unaitwa au unamwita mtu kwa jina ambalo bado si kweli? Utafanya nini wiki hii?
4. Wazazi: ni lini mara ya mwisho ulimwita mtoto wako kwa neno jema, naye akasikia?

TUOMBE

Bwana Mungu, wewe unatujua kwa majina yetu hata pale kadi zinapotutaja kwa namba. Walinde vijana wetu na maneno ya mtego. Weka ukweli katika vinywa vyao na uvumilivu katika mioyo yao. Wafariji walioumizwa na waliowaamini. Wafundishe wazazi kusema maneno ya upendo nyumbani. Katika jina la Yesu, amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Bwana.